JASON SENDWE: KURA ILIMWONDOA MARA MBILI, BUNDUKI MARA MOJA



Katika somo la uraia tunafundishwa kwamba kuna serikali za demokrasia na kuna serikali zisizo za demokrasia. Tunaandika maana yake katika daftari, tunaishika kwa kichwa, na siku ya mtihani tunairudisha sawa vile tulivyoipokea. Lakini mwanafunzi akiulizwa ile tofauti inamfaa nini mama anayelima maharagi hapa Pepa, ao mchungaji anayelinda ng'ombe kule juu ya milima ya Marungu, mara mingi ananyamaza. Ndiyo maana tumeona heri tuwaletee maisha ya mtu mmoja wa pande zetu, aliyeishi chini ya serikali za namna zote mbili, na aliyekufa katika mji wa Kalemie, wakati ule ukiitwa Albertville.

Mtu huyo ni Jason Sendwe. Jina lake tunalisikia juu ya ospitali kubwa ya Lubumbashi iliyopewa jina hilo. Wagonjwa wengi wamepona pale bila kujua Sendwe mwenyewe alikuwa nani. Basi tumfuate polepole, tangu mwanzo.

1. Kijana aliyetaka kuwa daktari

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Mwanya, eneo la Kabongo, katika jamaa ya Waluba. Alisoma katika shule za misheni ya Kimetodisti. Alikuwa na akili ya masomo, na moyo wake ulitamani udaktari. Kumbe mlango ulikuwa umefungwa. Wakati wa ujana wake hapakuwa na shule hata moja katika Kongo nzima ya kumfanya Mwafrika daktari kamili. Akafanya yale yaliyowezekana: alihubiri, alifundisha watoto, na kisha akawa mganga wa ospitali, ni kusema msaidizi wa madaktari wa kizungu.

Tuangalie serikali ya siku zile. Toka 1885 mpaka 1908 Kongo ilikuwa sawa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1908 ikapita mikononi mwa nchi ya Ubelgiji yenyewe. Sheria zilitoka Brussels, zikafika kwa gavana mkuu, zikashuka kwa wakubwa wa jimbo na wa eneo, mpaka kwa chifu. Hakuna Mkongomani aliyepiga kura kuchagua wakubwa hao. Hata wazungu waliokaa hapa hawakupiga. Hatusemi kwamba serikali hiyo haikufanya kitu. Ilijenga reli, barabara na ospitali, na misheni zilifungua shule nyingi. Lakini kodi ilikuwa lazima, kulima pamba katika sehemu nyingi kulikuwa lazima, na mtu aliyeona amri ni mbaya hakuwa na mahali pa kuomba ibadilishwe. Alitii ao alifungwa.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya serikali isiyo ya demokrasia. Inaweza kupata mkubwa mwema mwaka huu, na mwaka kesho mkubwa mbaya. Shida ni kwamba yule mbaya akija, raia hawana njia ya kumwondoa kwa amani.

2. Kura za kwanza na vyama vya kwanza

Mwezi wa kumi na mbili 1957 Wabelgiji waliruhusu uchaguzi katika miji mitatu tu: Léopoldville (Kinshasa), Elisabethville (Lubumbashi) na Jadotville (Likasi). Watu walichagua washauri wa komini zao. Elisabethville ilikuwa na wafanyakazi wengi waliotoka Kasai, na vyeo vya wakubwa wa komini viliwaangukia watu waliotoka nje ya Katanga. Wenyeji wa Katanga walishtuka. Kila mmoja akaanza kutafuta wake.

Mwaka ule wa 1957 Sendwe alisimamisha Balubakat, chama cha Waluba wa Katanga. Mwaka 1958 kikazaliwa chama kingine, Conakat, ambacho kiongozi wake alikuja kuwa Moïse Tshombe. Tshombe naye alikuwa mtoto wa shule za Kimetodisti. Wote wawili walifundishwa nyimbo zilezile na Biblia ileile, lakini siasa ikawatenga.

Mwanzoni mwa 1959 Balubakat ilijiunga na Conakat. Masikilizano hayakudumu. Conakat ilifungana na chama cha wazungu walowezi, na ilitaka Katanga ijitawale karibu peke yake. Sendwe alitaka Kongo ibakie moja. Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule Balubakat ikatoka. Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Mviringo, na Sendwe alikuwako. Huko siku ya uhuru ikapangwa: tarehe 30 Juni 1960.

Hapa tunapenda msomaji aone jambo moja. Vyama hivi vilibeba jina la kabila ao la jimbo, na kupiga kura kukawa karibu sawa na kuhesabu makabila. Pale watu wanapochagua kwa mawazo, anayeshindwa leo anaweza kushinda kesho, juu mawazo yanabadilika. Lakini nani anaweza kubadili kabila? Anayeshindwa kwa hesabu ya kabila anaona ameshindwa kwa siku zote. Woga unaingia, na woga ni mshauri mbaya.

3. Hesabu ya mwaka 1960

Uchaguzi mkubwa ulifanyika mwezi wa tano 1960. Walipiga kura wanaume peke yao. Wanawake wa Kongo walingoja mpaka 1967. Sendwe alichaguliwa kuwa mbunge wa nchi. Katika Baraza la jimbo la Katanga palikuwa viti 60. Conakat ilipata 25. Muungano wa Balubakat na rafiki zake ulipata 22. Viti vingine vilikwenda kwa vyama vidogo na kwa watu wasio na chama. Basi hakuna upande uliofikia nusu, na pande zile kubwa mbili zilikuwa karibu sawa.

Sheria ilidai kwamba mbili ya tatu ya wajumbe wawepo ukumbini ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe. Wajumbe wa Balubakat wakakataa kukaa ukumbini, kusudi hesabu isitimie na Conakat ilazimike kugawana vyeo nao. Tuseme wazi: hiyo ilikuwa mbinu, na haikuwa nzuri, juu ilizuia kazi ya Baraza. Lakini jibu lake lilikuwa baya zaidi. Katikati ya mwezi wa sita, Brussels ikabadili sheria, mchezo ukiwa umekwisha kuanza. Ile mbili ya tatu haikuwa tena lazima. Tshombe akachaguliwa mkubwa wa jimbo, na serikali yake ikajaa karibu watu wa Conakat peke yao.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alitaka Sendwe awe mjumbe wa serikali kuu katika Katanga. Tshombe hakupenda, na Sendwe hakuweza kuishika ile kazi. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu nyuma ya uhuru, Tshombe akatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Watu wa kaskazini hawakuulizwa hata kidogo.

Mtu anaweza kujibu kwamba Tshombe alikuwa amechaguliwa. Ni kweli. Lakini alichaguliwa kutawala jimbo, wala si kukata nchi. Kura inampa mtu kazi yenye mipaka. Akiruka mipaka hiyo, hawezi kujificha nyuma ya kura.

4. Waliolipa

Kaskazini ya Katanga watu wa Balubakat walikataa ile nchi mpya. Waliokosa nafasi katika serikali sasa waliingia porini. Askari wa Katanga, wakiongozwa na wakubwa wa kizungu, walichoma vijiji. Vijana wa Balubakat nao walishika mishale, mikuki na bunduki za kienyeji, wakaua watu, na kati ya waliouawa walikuwako wasio na kosa. Hatuwezi kuficha upande mmoja kwa kupenda mwingine. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, askari 11 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la ONU walishambuliwa na wapiganaji wa Kiluba, na 9 wakafa. Hawakuwa watu wa Tshombe. Walikuja kulinda amani.

Sendwe mwenyewe hakukaa kimya. Mwisho wa 1960 alizunguka kaskazini kwa msaada wa ONU, akijaribu kutuliza watu wake. Wengine walimsikia, wengine hapana. Kiongozi akikosa ukumbi ambamo anaweza kuwasemea watu wake na kuwaletea jibu, inakuwa vigumu kuwaambia watue mikuki. Wamemtuma, na amerudi na mikono mitupu.

Katika Léopoldville mambo hayakuwa mazuri zaidi. Septemba 1960 raisi Kasavubu alimwondoa Lumumba, kanali Mobutu akasimamisha kazi ya wanasiasa, na Bunge likafungwa. Lumumba akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Katika mwaka ule wa 1961 Waluba wa Elisabethville, makumi ya maelfu, waliacha nyumba zao na kukimbilia kambi ya ONU. Hao ndio waliolipa deni la wakubwa.

5. Bunge linafunguliwa, Sendwe anapanda na anashuka

Mwezi wa saba 1961 wabunge walikusanyika tena katika universite ya Lovanium, kandokando ya Léopoldville. ONU iliwalinda. Walifungiwa ndani mpaka wamalize kazi, kusudi asiingie mtu na pesa wala na silaha. Watu ambao jana walikuwa na serikali mbili zinazogombana walikaa chini ya paa moja. Tarehe 2 Agosti 1961 waliipa imani serikali ya Cyrille Adoula. Antoine Gizenga na Jason Sendwe wakawa makamu wa waziri mkuu.

Je, Sendwe alikuwa mtumishi mzuri katika cheo hicho? Wabunge wengi hawakuridhika naye, na chama chake kilikuwa kimeanza kupasuka. Bunge lilimpigia kura ya kukosa imani, na Januari 1963 akaacha kazi. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Mtu mkubwa wa serikali alihukumiwa na wenzake mbele ya watu, akashindwa, akatoka mlangoni kwa miguu yake. Hakutiwa gerezani, na nyumba yake haikuchomwa.

Na si hivyo tu. Mwezi ule wa Januari 1963 Katanga ya Tshombe ilikwisha na kurudi ndani ya Kongo. Jimbo la Nord-Katanga lilikuwa limeundwa 1962, na Septemba 1963 Sendwe akawa mkubwa wake. Mtu aliyeangushwa Januari akasimama tena Septemba. Machi 1964 Baraza la jimbo nalo likamwondoa kwa kura, juu ya magombano kati ya watu wa Balubakat wenyewe. Nyuma ya muda mfupi akarudi kitini. Pengine Baraza lilikosea, pengine Sendwe ndiye aliyekosea. Lakini kosa la kura lina dawa, ni kura ingine.

6. Mlango unafungwa, bunduki zinaingia

Wakati huohuo jambo zito lilikuwa limetokea kule juu. Tarehe 29 Septemba 1963 raisi Kasavubu alilifunga Bunge. Wapinzani wakakosa mahali pa kusemea. Mwezi wa kumi baadhi yao walivuka mto mpaka Brazzaville, wakaunda kamati ya kuiangusha serikali kwa nguvu. Januari 1964 Pierre Mulele alianzisha vita katika Kwilu. Mwezi wa nne na wa tano moto ukawaka pande za Uvira na Fizi, ukashuka na ziwa Tanganyika. Wapiganaji wake waliitwa Simba.

Tusiseme kwamba waasi hawakuwa na sababu. Raia walikuwa wamechoka. Walingojea matunda ya uhuru, wakaona wakubwa wapya wanakula peke yao. Ndiyo maana wengi waliwapokea waasi kwa furaha, wakifikiri wanaleta uhuru wa pili. Kati ya viongozi vijana wa uasi huo alikuwako Laurent-Désiré Kabila, aliyetoka katika vijana wa Balubakat, na ambaye alikuja kuwa raisi wa nchi 1997.

Mwisho wa mwezi wa tano 1964 vijana waliasi ndani ya Albertville yenyewe na kumkamata Sendwe. Askari wa serikali wakarudi, wakamfungua. Angeweza kufikiri amepona. Lakini Juni waasi waliuchukua mji, na tarehe 19 Juni 1964 Jason Sendwe akauawa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 47. Hapakuwa na Baraza lililokaa wala mashitaki yaliyosomwa. Hakupewa nafasi ya kujibu, na safari hii hapakuwa na mwezi wa tisa wa kurudi. Jeshi la serikali liliurudisha mji mwisho wa mwezi wa nane, na watu wengi zaidi walikuwa wamekufa.

7. Tofauti tunazoziona katika maisha haya

Kwanza, katika demokrasia mkubwa anaweza kuondolewa na kubakia hai. Sendwe aliondolewa kwa kura mara mbili, na mara mbili alirudi kazini. Bunduki ilimwondoa mara moja tu, ikatosha.

Pili, katika demokrasia anayeshindwa anabakia na kiti na sauti. Mwaka 1960 nusu ya Katanga ilibakia nje ya serikali ya jimbo, ikaenda porini. Mwaka 1963 wapinzani walifungiwa Bunge, wakaenda porini. Ni jambo lilelile mara mbili katika miaka minne. Anayefunga ukumbi asishangae akisikia bunduki.

Tatu, katika demokrasia sheria ya mchezo haibadilishwi katikati ya mchezo kwa kusaidia upande mmoja. Na wale wanaoshika sheria ya kuzuia kazi tu, sawa walivyofanya Balubakat, nao wanaidhoofisha.

Nne, kura peke yake haitoshi. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua serikali kwa jeshi. Mwaka 1970 aliwaita raia wapige kura. Mgombea alikuwa yeye peke yake, na chama kilichokubaliwa kilikuwa MPR peke yake. Karatasi ya kijani ilikuwa ya kukubali, nyekundu ya kukataa, na kila mtu aliweza kuona jirani ameshika rangi gani. Masanduku yalijaa, lakini raia hakuwa na kitu cha kuchagua. Ukitaka kujua uchaguzi ni wa kweli, uliza kama mkubwa anaweza kushindwa.

Katiba ya nchi yetu ya 2006 inaruhusu Bunge kuiangusha serikali kwa kura, na Baraza la jimbo kumwondoa gavana kwa kura. Watu wengine wanaona hayo ni fujo na kupoteza wakati. Ni kweli, wajumbe wanaweza kutumia nguvu hiyo vibaya, kwa wivu ao kwa pesa, na raia anapaswa kuwalinda macho. Lakini tukikumbuka Albertville ya Juni 1964, tunaona heri siku tatu za makelele katika Baraza kuliko usiku mmoja wa bunduki.

Ndugu zetu wanafunzi, wengi wetu bado hatujafikia miaka ya kupiga kura. Hata hivyo tunachagua mkubwa wa darasa, tunachagua wakubwa wa kundi la kuimba na wa timu ya mpira. Tuanze hapo. Tusimchague mtu juu ya kabila lake ao kijiji cha baba yake. Tukishinda, tuwaite walioshindwa wafanye kazi pamoja nasi. Tukishindwa, tusitoke chumbani kwa hasira. Tukae, tuseme neno letu, tungoje kura ingine.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Je, wajumbe wa Balubakat walifanya vema kutoka ukumbini mwaka 1960? Wangeweza kufanya nini kingine?
2. Kama Bunge lisingefungwa Septemba 1963, unafikiri uasi ungefika Albertville?
3. Katika kijiji chako, mtu asiyependa amri ya mkubwa anapeleka neno lake wapi?